Dokezo Limenyooka, Nani Amelifikiria?

Tangu ChatGPT, programu ya akili unde inayoandika kwa kuelekezwa, ilipofunguliwa kwa watu wote mwishoni mwa Novemba 2022, ofisi nyingi za Dar es Salaam zimepata mabadiliko ambayo hakuna mkurugenzi aliyeyatangaza: watu wote wameanza kuandika vizuri. Kijana aliyekuwa akituma barua pepe ya mistari miwili yenye makosa sita sasa anatuma ukurasa mzima wa Kiingereza kilichopigwa pasi. Ripoti ya robo mwaka, iliyokuwa ikidaiwa hadi watu wanakwepana kwenye ngazi, inafika mezani kabla ya siku yake, ina utangulizi, ina changamoto, ina mapendekezo. Mameneja wamefurahi. Nadhani wamefurahi mapema mno.

Meneja wa hapa mjini, awe wa benki pale Posta, wa shirika la umma au wa kampuni ya mtu binafsi Mikocheni, alikuwa akiyachukulia maandishi kama ushahidi. Andiko lilimwambia habari za mwandishi wake: kwamba ameketi, amefungua jalada, amepiga simu tawi la Mbagala, amejumlisha, ameona namba moja haikai sawa akairudia. Andiko zuri lilikuwa ghali, na ughali huo ndio uliokuwa dhamana yake. Leo linapatikana bure. Mtu aliyesumbuka nalo wiki nzima na mtu aliyeandika maelekezo matatu kwenye simu akiwa amesimama ndani ya mwendokasi wanaleta karatasi zinazofanana, na mara nyingine ya huyu wa pili imenyooka zaidi.

Mjadala wetu kuhusu akili unde umeng'ang'ania swali la nani atapoteza kazi. Swali ni halali na nitalifikia. Lakini kabla ya mtu yeyote kupoteza kazi, taasisi inapoteza njia yake ya kumtambua aliyefikiri na atakayewajibika. Hilo ni tatizo la uongozi, na idara ya TEHAMA haiwezi kulitatua hata ukiiongezea bajeti.

Tazama dokezo, lile andiko la ndani la kuombea idhini, linavyosafiri. Ofisa anaandika, mkuu wa sehemu anaweka "naafiki" pembeni, mkuu wa idara anaongeza mstari, mkurugenzi anaidhinisha. Tumezoea kuucheka mzunguko huu na kuuita urasimu, na kweli urasimu umo. Hata hivyo kila kituo kilimlazimisha mtu mmoja zaidi asome. Mkuu wa ngazi ya kati alipata nguvu yake hapo: anakusanya habari za chini, anazichuja, anazipandisha juu zikiwa zimepangika. Hiyo ndiyo kazi ambayo akili unde inaifanya haraka kuliko kazi nyingine yoyote ya ofisini. Sasa ofisa anaipa mashine hoja tatu, inazitanua kuwa kurasa nane. Bosi hana muda wa kurasa nane, anaiambia mashine yake izifupishe. Zinarudi hoja tatu, na si lazima ziwe zile zile. Katikati kuna sahihi nne na hakuna msomaji hata mmoja.

Kuna watakaosema tatizo hili litajisahihisha, teknolojia ikishaingia watu wataizoea na taratibu zitafuata. Uzoefu wetu wa karibuni hauniruhusu kuamini hivyo. Serikali ilipoanzisha mfumo wa malipo wa GePG mwaka 2017, ikatuletea kontroo namba. Unalipa kwa simu au kwa wakala wa benki, fedha inaingia moja kwa moja, na ofisi husika inaona kwenye kompyuta yake kwamba umelipa. Dirisha la mhasibu likapoteza maana. Ni moja ya mageuzi yaliyofanikiwa kweli. Na bado, miaka baadaye, zipo kaunta ambako mhudumu mwenye kompyuta inayoonyesha malipo yako anakuambia ukatoe nakala ya ujumbe wa malipo, uilete, aitoboe, aiweke kwenye faili. Fedha ilihama, utaratibu ukabaki palepale, kwa sababu hakuna aliyepewa jukumu la kuufuta. Wenye steshenari za jirani hawana sababu ya kulalamika.

Akili unde inaingia kwenye mazingira hayo hayo, tofauti ni kwamba haikuja na waraka wa serikali. Imeingia kupitia simu za wafanyakazi.

Utafiti uliopo unasaidia, ukiusoma pole pole. Mwaka 2023 Erik Brynjolfsson, Danielle Li na Lindsey Raymond walitoa matokeo yao kuhusu wahudumu zaidi ya 5,000 wa kampuni moja ya programu za kompyuta, waliopewa msaidizi wa akili unde anayewapendekezea majibu wanapochati na wateja. Idadi ya matatizo yaliyotatuliwa kwa saa iliongezeka kwa asilimia 14 kwa wastani. Kwa wageni kazini iliongezeka kwa asilimia 34. Kwa wazoefu waliobobea haikuongezeka kwa kiasi cha maana. Mhudumu wa miezi miwili mwenye mashine alifanya kazi sawa na mwenzake wa miezi sita asiye nayo.

Bosi akisoma hapo anaona jambo moja: naweza kuajiri wasio na uzoefu, mshahara mdogo, kazi ile ile. Mimi naona swali ambalo vitengo vya huduma kwa wateja vya hapa mjini vitakutana nalo. Mashine ile ilijifunza kutokana na mazungumzo ya wahudumu wenyewe, na ikashika zaidi namna wale bora walivyosema. Yule dada anayejua kumtuliza mteja aliyepiga simu amefura kwa hasira, ujuzi wake umechukuliwa, umegawiwa kwa kila mgeni, na yeye hajaongezewa hata shilingi. Tena inawezekana bonasi yake imepungua, maana bonasi hizo hutolewa kwa kulinganisha wafanyakazi, na sasa wote wanakaribiana. Taasisi inayotaka dada huyu aendelee kuvumbua majibu mapya lazima imlipe kama mwalimu. Sijasikia hapa kwetu sera ya mishahara inayomtambua hivyo.

Utafiti wa pili wa mwaka huo huo ulifanyika na washauri 758 wa BCG, kampuni ya kimataifa ya ushauri wa biashara. Kwenye kazi zinazoendana na uwezo wa mashine, waliopewa akili unde walimaliza kazi asilimia 12 zaidi, tena kwa kasi iliyoongezeka kwa takriban robo. Kisha watafiti wakatega kazi moja iliyoonekana kama zile nyingine, ila jibu lake lilihitaji kuoanisha majedwali ya namba na yaliyosemwa kwenye mahojiano. Waliofanya bila mashine walipata jibu sahihi kwa takriban asilimia 84. Waliotumia mashine walishuka hadi kati ya 60 na 70. Hawa walikuwa watu waliosoma sana na kuchujwa sana, na walikosea kwa sababu jibu baya lilikuwa limeandikwa kwa ufasaha ule ule wa jibu zuri.

Tulete hili Kurasini. Chukua ofisi ya kutoa mizigo bandarini, ya watu kumi hivi, yenye leseni ya uwakala wa forodha, kalenda za kampuni za meli ukutani na simu zisizonyamaza. Kazi kubwa pale ni makaratasi: ankara ya muuzaji wa Guangzhou, hati ya shehena, orodha ya vilivyomo, kisha kukipa kila kitu namba ya HS, yaani ya mfumo wa kimataifa wa kupanga bidhaa, inayoamua ushuru wake. Tarakimu sita za mwanzo za namba hizo zinatumika karibu dunia nzima. Jumuiya ya Afrika Mashariki inaongeza mbili zake. Tangu Julai 2022 ushuru wa pamoja wa Jumuiya una ngazi nne: asilimia 0, 10, 25 na 35. Bidhaa ikikaa ngazi isiyo yake, kontena moja linaweza kuleta tofauti ya mamilioni ya shilingi.

Kijana wa ofisi hiyo anaiambia akili unde isome ankara na kupendekeza namba. Inafanya hivyo kwa dakika chache, na kwa tarakimu sita za mwanzo mara nyingi inapatia. Shida iko kwenye mkia. Viwango vya Jumuiya hubadilika kila mwaka mpya wa fedha unapoanza Julai, tangazo hutoka kwenye gazeti rasmi la Jumuiya siku za mwisho za Juni, na kila nchi huwa na bidhaa ilizoombea kiwango tofauti kwa mwaka mmoja. Mashine imesoma maandishi ya miaka iliyopita. Inaweza kukupa kiwango cha mwaka juzi bila kusita wala kukwambia kwamba haina uhakika.

Ofisini humo yumo mzee mmoja, kila ofisi ya aina hiyo anaye, ambaye akiiona ankara ya vigae anajua. "Hapana kijana, hii walishaihamisha, katazame tangazo la Juni." Kabla ya akili unde, mzee alikuwa akijaza fomu chache kwa siku na kukagua chache za wenzake. Baada ya akili unde, vijana wanajaza nyingi mno na zote zinapita mezani kwake. Mwenye kampuni anaona kasi, anakwenda kutafuta wateja zaidi. Foleni iliyokuwa kwenye kuandika imehamia kwenye kukagua, lakini mshahara, vyeo na sifa bado vinafuata kuandika. Mzee anachoka. Siku akistaafu kurudi kwao, hakuna aliyejifunza kazi yake, kwa kuwa vijana hawakuwahi kuhangaika na kitabu cha ushuru mpaka kikawakaa kichwani.

Na dhamana haikuhama. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inamhesabu wakala kama mwenye mzigo, na inambebesha yeye binafsi deni la kodi. Hakuna fomu yenye kisanduku cha "mashine ilisema". Wenzetu wa Kanada walishalipima hili Februari 2024, pale baraza la usuluhishi la British Columbia lilipoamua kwamba Air Canada inawajibika kwa maelezo yasiyo sahihi ambayo roboti yake ya kuchati ilimpa abiria kuhusu nauli nafuu ya wanaosafiri kwa msiba. Shirika lilijaribu kudai kwamba roboti ile ina wajibu wake yenyewe. Baraza halikukubali.

Kwa hiyo ningekuwa mwenye kampuni pale Kurasini, kabla ya kulipia programu yoyote ningepanga upya nani anakaa wapi. Mzee angeacha kujaza fomu kabisa, angepandishwa mshahara kwa kazi ya kukagua na kufundisha, na idadi ya fomu anazokagua kwa siku ingekuwa na kikomo kinachoheshimiwa hata mteja mkubwa akipiga kelele. Kijana angetakiwa kueleza kwa mdomo kwa nini namba hii na si ile, kabla ya kuituma. Ni kazi ya dakika tatu, na ndiyo njia ya kujua kama amefikiri, maana karatasi haiwezi tena kunionyesha.

Uko mfano mzuri nje ya biashara. Kwa miaka mingi mahakimu wetu waliandika ushahidi kwa mkono: shahidi anasema sentensi, anasubiri, hakimu anamaliza mstari, shahidi anaendelea. Tangu marekebisho ya sheria ya 2021 yalipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, haja ya kunukuu na kutafsiri imezidi kuwa kubwa, na Mahakama ya Tanzania imeanza kutumia mfumo wa akili unde kwa kazi hizo mbili. Napenda mpangilio huo kwa sababu mipaka yake inaeleweka. Mashine inashika kalamu, hakimu anabaki na masikio, macho na hukumu, na jina lake ndilo linalokaa chini ya uamuzi. Ofisi ngapi zimechora mstari kwa usafi huo?

Nyingi hazijachora chochote, maana rasmi hazitumii akili unde. Waulize wakurugenzi watakuambia bado wako kwenye upembuzi. Wakati huohuo nusu ya ghorofa ya chini yao inaitumia kwa bando lake yenyewe, kwa siri. Siri hiyo ina sababu za kueleweka. Aliyemaliza kazi ya siku nne kwa asubuhi moja akisema ukweli, zawadi yake ni kazi nyingine, au jina lake kuanza kutajwa kikao cha kubana matumizi kikifika. Basi anakaa nayo, anaituma Alhamisi. Kampuni imelipa mshahara, mfanyakazi amelipa bando, faida imeishia kwenye ukimya. Halafu mkurugenzi anasoma makala kama hii na kusema teknolojia hii haina tija.

Siri ina hatari yake pia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaweka masharti ya kupeleka taarifa za watu nje ya nchi. Karani anayenakili orodha ya wateja, majina, namba za NIDA na madeni yao, akaibandika kwenye programu ambayo seva zake ziko ng'ambo ili imtengenezee jedwali, ameipeleka. Atakayeulizwa ni taasisi. Kutoa waraka wa kupiga marufuku ni rahisi, ila waraka huo unawafanya watu waendelee na jambo lile lile wakiwa wameinamisha simu chini ya meza.

Nimeongea muda wote kuhusu walioko maofisini, na nadhani tumekuwa tukitazama upande usio sahihi. Wafanyakazi wa kwanza wa Dar es Salaam kusimamiwa na mashine hawakuwa na ofisi. Ni madereva wa teksi na bajaji za mtandaoni, tangu Uber ilipofika hapa mwaka 2016 na nyingine zikafuata. Programu ndiyo inayoamua nani apewe abiria, nauli iwe kiasi gani, nani afungiwe akaunti. Dereva hajui kanuni. Anajua kwamba jana simu ilikuwa ikiita na leo imenyamaza, basi anahisi tu, anabadili kijiwe, anahamia Mlimani City, anarudi Masaki. Mwaka 2022 LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa nchi kavu, ilipoweka kikomo cha kamisheni, Uber ikasimamisha huduma, ikarejea mwanzoni mwa 2023 kikomo kilipopandishwa. Mvutano wote ule ulihusu asilimia, jambo ambalo mdhibiti anaweza kuliandika kwenye tangazo. Namna kazi inavyogawiwa, ambayo kwa dereva ndiyo mkate wa siku, haikuwa mezani.

Mikopo ya simu ilitangulia hata hiyo. M-Pawa ilipoanza mwaka 2014, mama wa genge Manzese alikopeshwa bila kuonana na ofisa mikopo. Ni nafuu kubwa, sibezi. Lakini ofisa mikopo aliyekuja dukani, akatazama rafu, akauliza majirani na kuomba barua ya serikali ya mtaa, alikuwa pia mtu wa kubishana naye. Ukimweleza kwamba mauzo yameshuka kwa sababu barabara inachimbwa, anaona mashimo mwenyewe. Ile Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imempa mtu haki dhidi ya maamuzi yanayofanywa na mitambo pekee, ikiwamo kutaka yatazamwe upya. Ili haki hiyo iwe na maana, kila taasisi lazima iwe na mtu mwenye cheo, mwenye mamlaka ya kuipinga mashine, na asiyeadhibiwa anapoipinga. Meneja ambaye kila akienda kinyume na alama za mfumo anatakiwa kujieleza kwa maandishi, lakini akizifuata haulizwi kitu, atazifuata. Huyo hasimamii chochote.

Sasa suala la kupunguza watu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaitambua teknolojia kama sababu halali ya kiuendeshaji ya kupunguza wafanyakazi, kwa hiyo anayedhani sheria inamkinga kabisa na mashine ajue haifanyi hivyo. Inachofanya kifungu cha 38 ni kumlazimisha mwajiri atoe taarifa mapema, aeleze sababu, na ashauriane na chama cha wafanyakazi, au na wafanyakazi wenyewe pale pasipo na chama, juu ya njia za kuepusha upunguzaji na vigezo vya kuchagua nani aondoke. Kiinua mgongo kwa mujibu wa sheria ni mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka wa utumishi, kikomo miaka 10. Kidogo hicho, na ndiyo maana mazungumzo yana thamani kuliko malipo.

Waajiri wengi huyachukulia mashauriano hayo kama mtihani wa kupita: barua, kikao, picha ya pamoja, muhtasari. Mimi ningeyafanya mapema zaidi, kabla hata ya kununua mfumo, na ningeanza kwa kuuliza nani tayari anaitumia akili unde na kwa kazi ipi, baada ya kuahidi kwa maandishi kwamba hakuna atakayepunguzwa kwa jibu atakalotoa. Klarna, kampuni ya fedha ya Sweden, ilijigamba mwaka 2024 kwamba roboti yake inafanya kazi ya wahudumu 700. Mwaka uliofuata mkurugenzi wake alikiri kwamba ubora ulishuka, na wakaanza tena kutafuta watu. Kampuni kubwa yenye wawekezaji inaweza kujaribu, ikakosea, ikarudi. Kampuni ya Gerezani ikishamwondoa aliyejua wateja wote kwa majina, haimpati tena, keshafungua ofisi yake mtaa wa pili na wateja wamemfuata.

Na anayepanga kumwondoa mtu kwa alama alizopewa na mfumo akumbuke jambo moja la kiutendaji. Shauri likifika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, mwajiri ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba sababu ilikuwa ya haki na utaratibu ulifuatwa. Mwamuzi atauliza alama hizo zilipatikanaje, nani alizikagua, na mfanyakazi alipewa lini nafasi ya kuzijibu. Meneja wa rasilimali watu ndiye atakayekuwa amekaa kwenye kiti cha shahidi, na kama barua ya kuachisha kazi nayo iliandikwa na mashine, atatakiwa kuieleza sentensi kwa sentensi.